Mbele Si Kulia

Mwezi uliopita, baada ya Isha, mtoto wa kaka yangu aliniandikia kutoka Chake Chake. Shikamoo, marahaba, halafu moja kwa moja: "Ami, hii 2MK > 236HP ndio nini? Nimeifata vilevile ilivyo na Ryu anaruka tu kama kuku kaona nyoka."

Nilicheka peke yangu barzani. Kijana ana miaka 14, ana PS4 iliyokwisha kutumika na watu wawili kabla yake, na ndani yake Street Fighter 6, gemu ya kupigana iliyotoka Juni 2023; Ryu ni mmoja wa wapiganaji wake. Kombo yenyewe, yaani mapigo yanayoungana moja baada ya jengine, ni ya kizee. Ryu anachutama, anapiga teke la kati (hiyo ndiyo 2MK), na kabla mguu haujarudi mahali pake anaachia Hadoken (ndiyo 236HP), lile tufe la mwanga ambalo mitaani kwetu tuliliita "aduke". Ni miongoni mwa mambo ya mwanzo anayofundishwa mtu. Akilishindwa mtoto ambaye vidole vyake vinakwenda mbio kuliko cherehani, basi vidole havina kosa. Kosa liko kwenye kusoma.

Nikamjibu: "Mwanangu, 2 ni chini."

"Ami, 2 iko juu."

"Chini."

Akaniletea picha. Alikuwa ameifungua simu pale pa kupigia, penye namba, akaizungushia 2 duara jekundu. Na kweli bwana, mstari wa juu kabisa ni 1, 2, 3, na 2 imekaa juu katikati kama imamu. Kwa hiyo lile teke la kuchutama yeye alilifanya la kuruka, na 236 kwake ikawa juu, juu-mbele, mbele. Ryu angefanya nini zaidi ya kuruka?

Namba hizi zimetoka kwenye kibodi ya kompyuta, kile kijisehemu cha kulia chenye tarakimu peke yake. Kule 7, 8, 9 ziko juu na 1, 2, 3 ziko chini. Chukulia kidole chako kimekaa juu ya 5, hapo hujagusa kitu, mchezaji amesimama tu. 8 ni juu, 2 ni chini, 6 ni mbele, 4 ni nyuma, na zile za pembeni ni mshazari: 3 ni chini-mbele, 1 ni chini-nyuma. Wachezaji wa Japani ndio walioizoesha dunia. Ukiandika 236 umeshamwambia mtu ateleze kidole kutoka chini, apite kwenye pembe, afike mbele: robo duara. 214 ni robo ya kurudi nyuma. 41236 ni nusu duara. 623 ndiyo ile ya Shoryuken, ngumi ya kupaa, ambayo ukiichora inafanana na Z aliyoiandika mtu ndani ya daladala.

Simu nazo zimepindua. Vitufe vya simu vilipoanza kuuzwa Marekani mwaka 1963, wahandisi wa kampuni ya simu ya Bell walikuwa wameshajaribu mipangilio kadhaa kwa watu, wakachagua kuanza na 1 juu. Mashine za kuhesabia zilikuwa na mpango wao, tena wa zamani zaidi, 7 juu, na kibodi ya kompyuta ikarithi huko. Basi mtoto wa leo, ambaye kompyuta ya mezani anaiona ofisini kwa sheha tu, anapewa namba zilizotungwa kwa ajili ya kibodi asiyokuwa nayo.

Nikamwambia: "Nenda dukani kwa babu yako, omba kalkuleta. Usiiwashe, itazame tu."

Baada ya kama dakika 20 ikaja sauti, anahema: "Ami, imetoka! Aduke imetoka! Lakini babu anauliza nahesabu nini na duka kashalifunga."

Usiku ule ule nikalifungua sanduku la chini ya kitanda kulitafuta daftari langu. Ni daftari la skuli la kurasa 96, jalada limeng'oka, na juu yake nimeandika kwa kalamu ya wino HISABATI, ili mama asiulize. Ndani hamna hesabu hata moja. Ni Tekken 3 tupu, gemu nyengine ya kupigana.

Tekken 3 ilitoka kwa PlayStation mwaka 1998, na sisi nyuma ya majumba ya Michenzani ilitufikia kwa njia ya sidi iliyonakiliwa, imeandikwa jina kwa kalamu ya kijani. Chumba cha gemu kilikuwa chumba cha uani cha nyumba ya mtu: televisheni mbili, mabenchi mawili, feni moja ambayo mwenyewe aliielekeza kwenye mashine na si kwetu. Mwenye gemu alikuwa mjomba wake sahibu yangu, na sahibu yangu huyo ndiye aliyekuwa akikusanya pesa. Sheria ilikuwa moja: anayefungwa anampisha mwenziwe. Ukifungwa mara tatu kwa jioni umekwisha, kwa sababu hela ya mkate ilikuwa haitoshi kwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo kujua kombo lilikuwa jambo la uchumi, na ndio maana tuliandika. (Kiswahili kina kombo yake ya zamani, ile ya mambo kwenda upogo. Hizi mbili hukutana mara nyingi kuliko mtu anavyopenda.)

Wasioandika walimchagua Eddy Gordo. Yule Mbrazili wa kapoera alikuwa balaa la kila chumba cha gemu. Unabonyeza vitufe vya miguu hovyo, yeye anapinduka, anazunguka, anasimama kwa mikono, na mtu aliyesomea wiki nzima anapigwa na mtoto aliyeletwa na dada yake kusubiri mkate. Hadi leo nina kinyongo na Eddy.

Ukurasa wa kwanza wa daftari ni Paul, yule wa nywele zilizosimama. Ngumi yake kubwa, iliyokuwa ikila karibu nusu ya roho ya mtu, niliiandika hivi: ↓ ↘ → na pembetatu. Chini, chini-kulia, kulia, traingo. Nikaikariri. Nikashinda siku mbili. Siku ya tatu nikapewa pedi ya pili, kile kidude cha vitufe cha mchezaji wa pili, Paul akaanzia upande wa kulia wa skrini akiangalia kushoto, na ile ngumi ikafa. Nilibonyeza kulia kama nilivyoandika, na kulia kulikuwa ni mgongoni. Paul akawa anarudi nyuma kwa adabu huku anapigwa.

Tulivyokuwa wajinga, jibu letu la mwanzo lilikuwa kugombania pedi ya kwanza. Watu walifika kuvutana mashati. Halafu hata pedi ya kwanza haikusaidia, kwani wachezaji hurukana na kubadilishana pande katikati ya raundi. Aliyetutoa gizani ni mwenye gemu mwenyewe, ambaye kabla ya hapo alikuwa nahodha kwenye majahazi. Alitwambia chomboni huwezi kutegemea kulia na kushoto peke yake, kuna joshini na kuna demani, upande unaokabili upepo na upande wa pili, na chombo kikigeuka basi majina nayo yanageuka. "Andikeni mbele na nyuma," akasema. "Mbele ni alipo adui yako." Nikalifuta neno kulia ukurasa kwa ukurasa. Ufutio umetoboa karatasi pahala pawili.

Sasa tazama zile namba za Japani. Nazo zina ugonjwa uleule, ila umekubaliwa: zinachukulia daima mchezaji wako anaangalia kulia, na akigeuka ni juu yako kuzipindua kichwani, 236 iwe 214 mkononi huku mdomoni bado unasema 236. Wale wa Tekken wao walikwenda njia ya nahodha: wanaandika herufi za maneno ya Kiingereza, f ni mbele, b ni nyuma, u ni juu, d ni chini. Mimi, ukiniuliza, nitakwambia njia ya nahodha ndiyo bora kwa kufundishia. Namba ni bora kwa kuandika haraka, na kwa jambo moja jengine ambalo nalijua kwa sababu ya sahibu yangu.

Sahibu alikuwa hodari chuoni, hati yake ya Kiarabu ilikuwa ikitolewa mfano na maalim. Daftari lake la kombo alilifungua kama msahafu, kutoka kulia. Alipoinakili ile ngumi ya Paul, mkono wake ulianza ulikozoea: akaweka ↓ kuliani, kushoto yake ↘, kushoto tena →, mwisho pembetatu. Kwake yeye imenyooka kabisa. Mimi nilipoliazima daftari, nikasoma kutoka kushoto: pembetatu, mbele, chini-mbele, chini. Paul akampiga mwenzake kingumi cha salamu, akachutama, basi. Nikamwambia sahibu kanidanganya makusudi ili nilipie gemu nyingi. Akanambia mimi sijui kusoma. Hatukusemezana tangu Alkhamisi mpaka Ijumaa ya pili, na wote wawili tulikuwa sahihi.

Lakini namba haziingii katika ugomvi huo. Mwandishi wa Kiarabu anakuja na maneno yake kutoka kulia, akifika kwenye tarakimu anaziandika ٢٣٦, mbili kushoto na sita kulia, vilevile kama sisi. Barua za babu zetu za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zina maneno yanayokwenda huku na mwaka unaokwenda kule. Laiti mwaka ule mtu angetuletea 236, mimi na sahibu tungeendelea kusemezana.

Kosa langu mwenyewe lilikuja baadaye kidogo, nilipoanza kwenda intaneti kafee ya Darajani, unalipia nusu saa na kurasa inachukua robo yake kufunguka. Nikaipata ngumi ya ukoo wa Mishima, wapiganaji wa Tekken, ile ya upepo, imeandikwa f, n, d, df+2. Nilijua f, nilijua d. Namba 2 nikaambiwa ni ngumi ya kulia, kwani Tekken inahesabu viungo: 1 mkono wa kushoto, 2 mkono wa kulia, 3 mguu wa kushoto, 4 mguu wa kulia, na kwenye pedi ya PlayStation ni boksi, traingo, eksi, duara. Na n? Kwenye daftari letu sote N ni nyuma. Nikawaletea wenzangu mbele, nyuma, chini, chini-mbele na traingo, nikaapa ndiyo yenyewe. Chumba kizima kilihangaika nayo wiki mbili. Kumbe n ni kuachia, kidole kisiguse kitu, ile 5 ya Wajapani. Hakuna aliyenisamehe upesi.

Ona basi vurugu ilivyo. 2 ya Tekken ni ngumi ya kulia, 2 ya Street Fighter ni chini. Na Street Fighter ya zamani ya Kiingereza ilikuwa na teke la kati lililopewa jina la "mbele", kwa hiyo mtu anaandika mbele na hujui kama anataka uende au upige. Siku hizi wameandika LP, MP, HP kwa ngumi na LK, MK, HK kwa mateke, nyepesi, ya kati, nzito. Hazipendezi, lakini hazigombanishi watu. Kwenye ile pedi ya kijana wangu MK ni duara na HP ni R1, na hilo halimo kwenye maandishi yoyote, analijua yeye na kidole chake.

Kuna kitu ambacho maandishi yote haya hayakiwezi, nacho ni muda. 2MK > 236HP inakwambia nini na nini, haikwambii lini. Watu wa zamani waliweka xx kati ya mapigo mawili wakimaanisha la pili linalikatiza la kwanza kabla halijaisha, na mkato wakimaanisha la kwanza limeisha ndipo ukaunga la pili. Tekken ina nukta mbili: df:2 maana yake mwelekeo na ngumi viingie ndani ya fremu moja, yaani picha moja ya skrini. Gemu hizi zinakwenda fremu 60 kwa sekunde, kwa hiyo fremu moja ni kama milisekunde 17. Alama ndogo kama nzi amekaa kwenye karatasi, na watu wanaifanyia mazoezi miaka.

Tena kombo zenyewe zilizaliwa na muda usiokusudiwa. Wakati Street Fighter II inatengenezwa, kabla ya kutoka mwaka 1991, Noritaka Funamizu wa Capcom, kampuni yenye gemu hiyo, alikuwa akikagua hitilafu kwenye ile sehemu ya kuvunja gari, akaona pigo la pili linaingia ndani ya la kwanza ukilipatia wakati wake. Aliona ni gumu mno kwa mtu kulitegemea, wakaliacha limo. Tangu hapo dunia nzima inaandika madaftari.

Sisi muda tulijifunza bila umeme. Desemba 2009 umeme unaotoka bara ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu. Mwenye gemu aliwasha jenereta siku chache, petroli ikamshinda, akafunga. Wakati huo tulikuwa vijana wakubwa, wengine washaanza kazi, lakini jioni tulikaa barzani na pedi mkononi, waya wake unaning'inia hauendi popote. Mmoja anasema jina la kombo, mwengine anaibonyeza na mdomo unatoa sauti: ta, tata, tu... ta! Pale kwenye "tu" ndipo unapovuta pumzi. Mtu akikosea, sote tunasikia vitufe vimekosea, kama unavyosikia dufu limetoka kwenye mpigo. Pembeni wazee wanacheza bao kwa karabai. Mmoja akatugeukia na kete mkononi, akauliza tunasoma uradi gani.

Wale wazee walikuwa na kete 64 na mashimo 32, wana kunamua na kutakata na kulinda nyumba, na mchezaji mzuri anaona mzunguko mzima utaishia shimo gani kabla hajashika kete ya kwanza. Sijaona hata mmoja wao na daftari. Niliwahi kumuuliza huyo wa uradi kwa nini hawaandiki. Akanambia akiandika, mwenziwe atasoma.

Kijana wangu anasema siku hizi hakuna haja. Street Fighter 6 ina namna ya kucheza inayoitwa ya kisasa, unabonyeza kitufe kimoja na mwelekeo mmoja, Hadoken hiyo imetoka, 236 usiijue. Ni kweli, na pigo la namna hiyo linakatwa asilimia 20 ya nguvu yake. Nikamwambia hiyo 20 ndiyo ada ya kutojua kusoma. Hakucheka.

Lakini daftari lilimpendeza. Nilimpigia picha kurasa zote nikamtumia, naye akaniuliza kuhusu ukurasa wa 41, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimeusahau. Ni hati ya sahibu, kwani daftari langu alikuwa akilichukua apendavyo. Pana mistari ya mishale ya Paul, na chini yake msururu wa viduara vidogo, vingine vitupu, vingine vina nukta katikati: kitupu, kitupu, chenye nukta, kitupu, na kuendelea hivyo mistari mitatu.

Niliukodolea macho usiku mzima. Asubuhi nikawa na jibu, nikamwandikia kijana kwa furaha kwamba sahibu yangu, mtu wa Michenzani, alibuni alama za muda ambazo Wajapani na Wamarekani hawana: kiduara kitupu subiri, chenye nukta bonyeza. Ni kama alama za kusimama na kuunganisha kwenye msahafu, nikasema, si ajabu, yule alisoma chuo. Kijana akakaa nayo. Jioni akarudi: "Ami, hii ya viduara inasaidia kweli. Nimempiga jirani mara nne."

Nikampelekea sahibu picha ile. Yuko Maskati sasa, ana watoto watatu, na sauti yake ilinifikia baada ya siku mbili, nyuma yake gari zinapiga honi.

"Bwana we," akasema, "kombo ya wapi hiyo? Hayo ni madeni yako. Chenye nukta ulilipa, kitupu hukulipa. Mjomba alinambia niandike kwenye daftari lako mwenyewe ili usije ukakataa. Hebu hesabu vitupu."

Nimehesabu. Viko 23.